Siku tano za mafunzo ya usalama kazini, halafu?

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aunde kamati ya usalama, ambamo wafanyakazi nao wana wawakilishi wao. Wajumbe hupitia kozi ya msingi, kwa kawaida ya siku tano. Ubishi huanza baada ya hapo: wanolewe tena lini, na kwa fedha za nani?

Waajiri wana hoja ya kusikilizwa. Ukimtoa opereta kwenye shifti, mwenzake analipwa ovataimu. Akishapata cheti, huenda akahamia kampuni nyingine. Tena semina nyingi za hotelini hurudia yale yale: vifungu vya sheria, aina za vizimamoto, picha ya pamoja, vyeti. Mwajiri anayekataa kulipia hayo mara ya pili, mimi simlaumu.

Lakini kazi hubadilika. Chukua kiwanda cha rangi kinacholetewa kiyeyusho kipya. Kemikali hiyo huja na karatasi ya maelezo ya usalama yenye sehemu 16, mara nyingi kwa Kiingereza. Sehemu ya 4 inaeleza huduma ya kwanza, ya 8 inataja glavu na barakoa zinazofaa. Glavu za mpira wa kawaida zinaweza kuvimba na kupitisha baadhi ya viyeyusho, huku aliyezivaa akijiona yuko salama. Mwakilishi aliyesoma miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hajaishika karatasi kama hiyo, atamwambia nini kibarua anayechanganya rangi?

Ndiyo maana naunga mkono mafunzo endelevu, ila si ya hotelini. Saa mbili kando ya mtambo wenyewe, kila inapoingia mashine au kemikali mpya, au ajali inapokoswakoswa, zina faida kuliko wiki nzima ya slaidi, na gharama yake inabebeka. Hatari ninayoiona ni mafunzo ya ndani kuachiwa msimamizi wa uzalishaji peke yake. Huyo anabanwa na malengo ya siku. Ni vigumu awafundishe watu kusimamisha mtambo. Chama cha wafanyakazi kiwe na sauti katika kumchagua mkufunzi, na saa hizo zilipwe kama saa za kazi. Kamati hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, kwa hiyo ratiba ya mafunzo inaweza kupangwa humo humo, mwajiri na wafanyakazi wakiwa meza moja.