Kinanda Kilinidanganya

Naona mmeshasimuliwa. Jamaa yangu wa zamu ya usiku aliniwahi, akairusha kwenye grupu na kicheko chake cha sekunde 40, na huko Tandika shangazi ameshauliza kama ni kweli nimefukuzwa kazi Uingereza kwa kuwaonyesha wazee mkanda mchafu. Shangazi, shikamoo. Sijafukuzwa. Na haukuwa mkanda, ulikuwa wimbo. Tena wa 1969.

Mnajua nalea wazee, nyumba moja hapa Leicester. Usiku wakishalala tunabaki sisi na televisheni, na kuna chaneli za muziki wa zamani zinazorusha vipande vya miaka ya sitini mpaka alfajiri. Nilinogewa. Dusty Springfield, nywele zimeumuka kama mkate wa kumimina. Sandie Shaw yuko jukwaani pekupeku kama katoka kufua uani. Vijana wanakung'uta magitaa ya umeme ambayo hayana hata waya! Kumbe Top of the Pops, kipindi cha muziki cha BBC, ilipoanza mwaka 1964, kwenye kanisa la zamani lililogeuzwa studio kule Manchester, ilikuwa pleibeki tupu, halafu sisi tunawasema wasanii wetu. Vipindi vingi vya miaka ile BBC ilivifuta ili kanda zitumike tena, kwa hiyo vilivyobaki ni vilevile vinarudiwa. Baada ya mwezi mmoja nikajiona profesa.

Basi bi mkubwa wa chumba namba 7 anatimiza miaka 78. Nikajitutumua mbele ya meneja: muziki niachieni mimi.

Nikakesha nikipanga miksi ya nyimbo 19. Wa 6 ulikuwa Sugar, Sugar wa The Archies, bendi ya katuni, watu ambao hawapo duniani, na bado wakakaa namba 1 Uingereza wiki 8. Wa 7 nikataka wa kupoza, watu wanywe chai. Nikakumbuka kipindi kimoja kilipitisha ala tamu chini ya sauti ya mtangazaji. Kinanda kinalia taratibu, kitakatifu. Mimi mtoto wa kwaya nilisikia kabisa kama sadaka inapitishwa. Nilikuwa nimeisogezea simu, ikanitajia jina la Kifaransa: Je t'aime... moi non plus, Serge Gainsbourg na Jane Birkin. Nikapakua. Sikusikiliza.

(Wewe ambaye tayari umeshika kichwa, tulia, usiwaharibie wenzako.)

Alhamisi, saa 9 alasiri. Wazee 14 kwenye viti vyao, familia ya bi mkubwa, meneja, na kasisi aliyealikwa kuombea. Mimi nimevaa glavu nakata keki, krimu imenifika vifundoni.

Sugar, Sugar ikaisha. Kinanda kikaanza. Nikaona wazee wanne wameinua vichwa kwa mpigo mmoja. Nikajisemea: umewagusa, kijana.

Mwanamume akanong'ona. Mwanamke akamjibu, naye kwa kunong'ona. Nikasema hawa Wafaransa wana adabu, hawana makelele.

Halafu mwanamke akahema.

Nilidhani spika ina hitilafu. Akahema tena, nikadhani dada kachoka, kama mtu aliyepandisha ndoo ya maji ghorofa ya 9. Akahema mara ya tatu, na hapo hata mimi wa kwaya nikaelewa kwamba hakuna ndoo.

Nikairukia simu. Nikabonyeza. Simu haitambui kidole chenye glavu! Nikafuta kwa nguvu, krimu ikateleza kwenye kioo, sauti ikapanda. Nasema ikapanda, yaani yule dada sasa tuko naye chumbani. Nikaanza kuivua glavu kwa meno. Nichoreeni hiyo picha: mtu mzima, glavu mdomoni, krimu puani, nyuma yangu mtu anahema na kinanda hakina haraka kabisa. Kasisi alikuwa anakoroga chai. Akaendelea kukoroga. Ile sukari ilikuwa imeyeyuka tangu Dusty Springfield. Mkwe wa bi mkubwa kamziba mwanawe masikio, kijana wa miaka 15, ambaye mikono yake ilikuwa huru na simu inarekodi.

Glavu ikatoka. Kidole kikakaribia kioo. Ndipo mkono wa bi mkubwa ukanidaka.

"Bata wangu," akasema (huku ndivyo wanavyokuita wakikupenda, msinichukulie hatua), "ukiuzima, hiyo keki ule mwenyewe."

Na babu wa kiti cha dirishani, ambaye tangu nimeanza kazi hajaniambia neno zaidi ya "chai", akaitikia mhemo mmoja. Ndani ya mdundo kabisa. Chumba kikapasuka. Nikasimama palepale na glavu yangu mpaka wimbo ukaisha wenyewe, dakika 4 na ushei.

Yaliyofuata ni mafupi. Niliandika maelezo, ukurasa mmoja, kwamba nilidhani ni wimbo wa ibada. Meneja akasoma, akatoka "kidogo", nikamsikia anacheka koridoni. Ndipo nikaambiwa kwamba BBC waligoma kuupiga, kampuni iliyoutoa ikaona haya ikauacha ukiwa namba 2, nyingine ikauokota, Oktoba 1969 ukafika namba 1. Na mhemaji mwenyewe ni Mwingereza! Zile nyimbo 12 zilizobaki hazikupigwa. Nimehamishiwa bingo.

Ila jana asubuhi nimempelekea bi mkubwa dawa, ananiambia ile santuri aliinunua kwa pesa yake, akaificha chini ya godoro baba yake asiione. Anataka nimtafutie wimbo wa upande wa pili. Nimemwambia sawa, ila kwanza nitausikiliza mwenyewe. Chooni, na visikilizio masikioni.