Springi za Mzigo Ambao Haujanunuliwa

Gari lenyewe ni Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, yenye ekseli nzima mbele na nyuma na springi za kuviringa kote kote. Kwa umri huo springi za nyuma zilikuwa zimechoka kiasi kwamba hata likiwa tupu gari lilikaa limeinua pua, na usiku taa zake zilikuwa zikiwamulika popo.

Fundi wangu ni mtu wa maneno machache. Alichukua tepu akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Ukipimia kutoka chini, alisema, unapima na tairi, na tairi lina uongo wake: upepo umepungua, limelika, au si saizi yake. Akaandika namba zake kiganjani, kisha akauliza: “Bosi, siku za kawaida hili gari linabeba nini?”

Fundi anayeuliza hivyo kabla ya kutaja bei, mshike usimwachie. Nikafungua mdomo nimjibu: mimi, mke wangu, watoto wawili na begi. Shemeji akaniwahi.

“Andika, Fundi. Winchi. Bampa la chuma mbele na nyuma. Hema la juu ya paa. Betri ya pili. Tangi la pili la mafuta. Jokofu. Pampu ya upepo ya kujazia matairi porini.”

Fundi akalizunguka gari taratibu. Kitu pekee alichokiona ni keria ya paa yenye kutu.

“Viko wapi?”

“Vinakuja.”

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, na safari za porini amezimaliza zote akiwa kwenye kochi. Kumbe springi alikuwa ameshaziagiza kimyakimya, za kilo 400, akazileta zimefungwa utepe kabisa. Zawadi ya shemeji utaikataaje? Mke wangu alikuwa amesimama pale pale, anatabasamu, ananiangalia nitasema nini.

Nieleze kidogo, maana balaa lote limetokea hapa. Springi za kubadilishia za magari haya huchaguliwa kwa uzito wa kudumu, yaani ule ambao gari linalala nao na kuamka nao. Ziko za gari tupu, ziko za kati, na ziko za wale waliogeuza gari kuwa nyumba. Springi ya kilo 400 imetengenezwa ikijua kwamba hizo kilo zipo. Zisipokuwepo inagoma kulala, gari linabaki juu na gumu. Shokapu nayo haikuokoi, kwa sababu kazi yake si kubeba. Anayebeba ni springi. Shokapu inamtuliza tu asiendelee kurukaruka.

Fundi alifunga zawadi, lakini alifunga kwa akili. Mikono ya ekseli ya mbele aliitia bushi (vile vipande vya mpira vya kwenye maungio) zenye tundu la pembeni, kwa kuwa gari likinyanyuka, pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe hupungua na gari huanza kutangatanga barabarani. Chini nyuma akarekebisha mkono wa valvu ya breki. Mkono huo ukiona mwili wa gari umepanda hudhani hakuna mzigo, ukazipunguzia breki za nyuma nguvu. Akarekebisha taa. Kisha akafuta mikono, akasema, “Kila kitu kiko sawa, bosi. Kimebaki mzigo.”

Safari ya kwanza tulikanyaga kijiti cha kiberiti nikajua kama kimeshawashwa au bado. Mke wangu akaacha kuvaa hereni nyumbani. Alizibeba mkobani, anazivaa tukifika. Watoto peke yao ndio walioomba turudie barabara mbovu. Kila nikinung'unika, Shemeji alikuwa na jibu moja: “Gari halina kosa, shemeji. Lina wepesi tu.”

Wepesi huo ulipata dawa siku rafiki yake alipotuomba tumpelekee saruji kwenye nyumba anayojenga. Mifuko minane, kilo 400 juu ya alama. Sijawahi kuendesha gari tamu vile. Lilishuka nyuma likakaa sawasawa, matuta likayapita kwa adabu, na Shemeji, ambaye alikuwa kiti cha mbele, akafumba macho kwa raha. Vijana wawili wa kupakua nyuma yetu walisinzia.

Tulipofika, wingu lilikuwa limefunga. Saruji na mvua havipatani, kwa hiyo mwenye nyumba akatuelekeza tuingie moja kwa moja kwenye gereji iliyo chini ya nyumba, ambayo ilikuwa na kuta, bamba la zege juu na mlango usio na mlango. Shemeji alishuka kuniongoza. “Njoo… njoo… pole pole…” Keria ikapita chini ya linta, ile boriti ya juu ya mlango, kwa nafasi ya kidole kimoja.

Vijana wakaanza kupakua. Mfuko wa kwanza ukatoka, gari likatoa mlio. Wa pili, likajinyoosha. Mimi nilikuwa upande wa nyuma, natazama paa likipanda, na mawazo mabaya yakaanza kunijia, ila vijana walikuwa na kasi na mafundi wa ujenzi walikuwa wanasubiri na sepetu. Wa nane ulipotoka, gari lilikuwa limesimama kwa urefu wake wote, na ukingo wa keria ukawa juu kuliko uso wa chini wa linta.

“Rudisheni mifuko,” nikasema.

Mafundi wakageuka kututazama. Walikuwa wameshafungua sita na maji yameshaingia.

Tukafikiria kuing'oa keria. Nati zake zilikuwa zimeungana na boliti tangu enzi za mwenye gari wa kwanza, spana ikazunguka juu yake bila kung'ata. Kijana mmoja akasema tutoe upepo kwenye matairi. Wazo zuri, na lingefanya kazi, ila baada ya hapo tungehitaji pampu ya kuyajaza. Nikamgeukia Shemeji.

“Inakuja,” akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Ikabaki njia moja, nayo ni watu. Na si watu tu, watu wenye mwili. Naomba uelewe ugumu wake: utamwendeaje mtu mzima usiyemjua, mbele ya jirani zake, umwambie umemchagua yeye? Shemeji alitoka kwenda kutafuta. Wa kwanza alimuuliza, “Kwa nini mimi na si huyu mwenzangu?” na jibu la kweli lilikuwa linaonekana kwa macho. Yule bwana akaondoka amenuna. Mafundi wa ujenzi walijitolea wote, lakini mafundi wa ujenzi ni mifupa na misuli. Watatu waliingia na springi haikuwa na habari.

Aliyetuokoa ni shangazi yake mwenye nyumba. Alikuja kuangalia kelele, akaelezwa, akacheka hadi akashika ukuta. “Shikamoo, Shangazi,” Shemeji akaanza, akitafuta maneno.

“Marahaba. Usinizungushe, mwanangu. Mnataka uzito au mnataka hotuba?”

Akapanda nyuma kabisa, pale ilipokuwa saruji, na gari likamwitikia mara moja. Kisha akatoa simu akaita wenzake wa chama, nao wakaja wakicheka, wakajipanga kwa amri yake kama mifuko. Nikashika usukani, gia ya kurudi nyuma, mguu kwenye breki. Shemeji nje, shavu lake limegusa ukuta, anapima kwa jicho.

“Njoo. Njoo. Asicheke mtu!”

Hilo ndilo lililowachekesha. Akina mama sita wakicheka kwa pamoja juu ya springi ngumu, gari zima linacheka. Keria ikaigonga linta, tako, tako, tako, na plasta mbichi ikaanguka kwenye shati la Shemeji. “Shusheni pumzi!” Shangazi akaamuru. Wakashusha, nikaachia breki, tukatoka.

Nikazima injini niwashukuru. Hakuna aliyeshuka. Shangazi alisema gari lina kiti kitamu na kwamba, kwa kuwa wameshakaa, niwapeleke kwenye kikao chao. Nikawapeleka. Barabara yote hatukusikia tuta.

Jioni nilimpigia Fundi anitafutie springi za kati. Shemeji alisikia, akaumia, akasema sina subira. Wiki iliyofuata akaja nyumbani na boksi, akaliweka mezani mbele ya dada yake na kulifungua kwa heshima. Pampu ya upepo.

“Tumeanza,” akasema.

Mke wangu aliinyanyua, akaiweka kwenye mizani ya bafuni. Kilo mbili.

“Zimebaki 398, kaka.”