Korongo Aliyeukimbia Mlingoti

Nani aliwaambia walimu kwamba wazazi tunashinda bure? Mtoto yuko P1, darasa la kwanza, kamba za viatu hajui kufunga, Ijumaa jioni ananiletea agizo: "Baba, mwalimu kasema Jumatatu nije na bendera ya karatasi. Na ndege wake." Nikamuuliza, uitengeneze wewe au mimi? Zaituni akanitazama kama abiria anayesubiri chenji.

Haya. Tarehe 9 Oktoba ni Uhuru wa Uganda, na bendera hii inapepea tangu 1962. Mimi mwendesha boda wa Busia, niliyebeba magodoro, mbuzi na siku moja bibi harusi na shela lake, nishindwe na karatasi?

Dukani manila wanataka shilingi 1,000 kila rangi. Rangi tatu, ongeza nyeupe ya duara la katikati, ongeza gundi: hiyo ni petroli yangu ya asubuhi. Nikarudi mikono mitupu.

Nyeusi tulisugua mkaa kwenye kurasa za daftari kuukuu, na kwenye shuka pia, lakini hilo mama yake hajaliona. Manjano na nyekundu nilizibandua kwenye mabango ya uchaguzi yaliyosahaulika ukutani. Ya vyama gani, usiniulize, ukiishi Uganda unajua mwenyewe. Ila mahasimu hao walilala mstari kwa mstari usiku kucha bila bomu la machozi hata moja.

Gundi nilipika ya unga wa muhogo: vijiko viwili, maji, unakoroga motoni mpaka inavuta. Zaituni akaonja, akasema haina sukari. Nilipogeuka kutafuta mkasi akawa ameshaitia.

Mkasi wenyewe haukati, unatafuna. Mistari ni sita, nyeusi, manjano, nyekundu, halafu unarudia, na wangu kila mmoja ulikuwa na urefu wake. Lakini hiyo ni kazi ya binadamu. Mtihani ni korongo. Shingo nyembamba, taji kichwani, na mguu mmoja lazima ainue. Wa kwanza Zaituni alimtazama kwa huruma, akauliza, "Baba, hilo ni birika?" Wa pili alikatika shingo. Wa tatu alisimama, taji tukalifanya kwa njiti za ufagio, na nilipombandika kwenye duara nilijisikia fundi.

Mke wangu muda huo yupo kwenye mkeka anasokota shanga za karatasi. Anakata pembetatu ndefu, anaanzia upande mpana, anazungusha kwenye kijiti, anatia gundi nchani, ya dukani, basi. Mimi nina ndege mmoja, yeye ana bakuli. Wala hatazami mikono yake. Akainua macho.

"Baba Zai, huyo ndege anatazama wapi?"

"Mbele."

"Wa bendera anatazama mlingoti. Wako anaukimbia."

Nikaanza kumbandua. Nilijaribu kucha, nikajaribu kisu, nikajaribu mvuke wa birika, birika la kweli sasa. Gundi ya muhogo yenye sukari haiachii, nafikiri wangeitumia kuziba mashimo ya barabara yetu. Nusu saa natoka jasho, manjano imeanza kuchanika, ndipo Zaituni akapiga miayo.

"Baba, si uhamishie kijiti cha bendera upande ule?"

Mke wangu akajifunika kanga usoni. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Tukahamisha kijiti. Tukaianika bendera dirishani ikauke, tukalala. Alfajiri nasikia ko, ko, ko. Kuku wa jirani. Alishamaliza kichwa, taji kaliacha chini njiti kwa njiti, sasa yupo kwenye mguu ulioinuliwa. Muhogo na sukari, nani angekataa? Nikamrushia kandambili, akaondoka na ule wa pili.

Zaituni alikwenda shule na mistari sita na duara jeupe lenye tundu. Mwalimu akamuuliza ndege yuko wapi. Akajibu, "Kaliwa na kuku, baba alimtia sukari." Mimi!

Jana Ijumaa karudi tena. Safari hii ni nembo ya taifa: ngao, ngoma, mikuki miwili, swala upande mmoja, na upande wa pili korongo yuleyule. Nimeweka maji ya gundi jikoni. Kuku wa jirani ameshafika, amesimama mlangoni kwa mguu mmoja.