Nyuzi nane, kazi sifuri

Programu yangu ya kuhesabu maneno kwenye rundo la mafaili ilikuwa ikila dakika 40. Prosesa ina viini 8: kimoja kinatoka jasho, saba vimekaa kutazama. Nikamwambia bosi, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Nipe siku moja, nitaishusha hadi dakika 5." Arobaini gawa kwa nane, nani asiyejua?

Nikaigawa kazi kwa nyuzi 8 (uzi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, unaokwenda sambamba na wenzake), zote zikiongeza kihesabio kimoja. Kila nikiiendesha, jumla mpya! Uzi mmoja unasoma 41, wa pili nao unasoma 41 ileile, kila mmoja unaongeza moja, wote wanaandika 42. Maneno mawili yamepita, limehesabiwa moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Nikatia mstari wa kuchapisha thamani kwenye skrini nimwone mwizi. Jumla ikanyooka. Nikautoa, mwizi huyo karudi. Kumbe kule kuchapisha kulizichelewesha nyuzi, zikawa hazigongani. (Ndiyo, nilifikiria kuuacha mstari palepale na kuandika pembeni "usiguse".)

Basi nikaweka kufuli mbili, moja ya kihesabio, moja ya orodha ya mafaili: uzi ulioshika kufuli ndio unaogusa kitu hicho, nyingine zingoje hadi uiachie. Usiku nikaiwasha. Feni kimya kabisa. Nikamwandikia bosi kwa majivuno: "Inakwenda laini, hata mashine haipati joto." Nikalala usingizi wa washindi.

Asubuhi natazama matumizi ya prosesa: asilimia 0. Uzi mmoja umeshika kufuli ya kihesabio, unangoja ya orodha. Mwingine umeshika ya orodha, unangoja ya kihesabio. Sita zilizobaki zimepanga foleni nyuma ya wakaidi hao wawili. Usiku kucha! Kweli mashine haikupata joto.

Nikafuta kufuli ya kihesabio, kila uzi nikaupa kihesabio chake, jumla ikajumlishwa mwishoni. Dakika 7 kasoro kidogo, na jumla haibadiliki.

"Uliahidi 5," bosi akasema.

Nikamweleza alichokionyesha mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl mwaka 1967: sehemu isiyogawika haipungui. Kuorodhesha na kufungua mafaili kunakula dakika 2, na kazi hiyo inafanywa na uzi mmoja tu, hata uwe na viini elfu. Nikachora na mchoro. Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeelewa.

"Sawa. Basi tununue mashine ya viini 40, tumalize kwa dakika moja."