Kabla hujaandika "hana bidii"

Ripoti ya muhula ya binti yangu imekuja, na kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu pameandikwa: "Anasinzia darasani. Hana bidii. Mzazi amhimize." Nimeisoma mara nne. Nikaifungia kabatini, sitaki aione.

Mtoto huyu halali. Anajilaza, lakini halali. Pua zimeziba zote mbili, anahema kwa mdomo, anaamka koo limekauka. Asubuhi anapiga chafya nane, tisa, kumi mfululizo kabla hajaweka mguu sakafuni. Mchana kutwa anaisukuma pua kwenda juu kwa kiganja, maana inamwasha, na kwa kuwa amefanya hivyo miaka miwili sasa, pana mstari mwembamba uliokatiza juu ya pua yake, kama mkunjo wa karatasi. Daktari aliuona mstari ule kabla sijafungua mdomo kueleza. Mwalimu anautazama kila siku.

Sawa, nakubali kwa shingo upande kwamba mwalimu hakusomea udaktari. Mimi mwenyewe mwaka mzima niliyaita "mafua". Nilikuwa nampa vidonge vya mafua vyenye dawa za mzio za kizazi cha zamani, zile zinazokausha kamasi na kulevya kwa usingizi, halafu nampeleka shule. Kwa hiyo alikuwa anasinzia kwa sababu mbili, na moja nilimpa mimi. Hilo linaniuma kuliko ripoti.

Mafua ya virusi huja yakaondoka, wiki moja au mbili yamekwisha. Haya ni mafua ya mzio, yaani aleji; hayaondoki, kwa sababu kinachoyaleta hakiondoki. Mwili umekosea kumtambua adui: unakutana na chembe isiyo na madhara yoyote, unaitengenezea askari wake, kingamwili za aina ya IgE, na kila chembe hiyo ikirudi, histamini, kemikali ya kuwasha na kuvimbisha, inamwagwa puani, machoni, hata kwenye njia za mapafu. Si uvivu, si kudeka, wala si malezi mabaya.

Mwaka 1991 watafiti walianzisha utafiti mkubwa wa pumu na mzio kwa watoto, uitwao kwa kifupi ISAAC. Awamu ya kwanza tu ilifika nchi 56. Hawakutegemea madaftari ya hospitali, kwa sababu daftari la hospitali linakuonyesha aliyefika kwa daktari, halikuonyeshi anayeumwa. Waliwaendea watoto na wazazi na kuwauliza. Na swali lao moja, kwa maneno yangu, ni hili: katika miezi 12 iliyopita, umewahi kusumbuliwa na chafya, kamasi au pua kuziba wakati huna mafua wala homa?

Wakati huna mafua wala homa. Maneno hayo matano yangemwokoa binti yangu miaka miwili ya kukoromewa. Hakuna aliyemuuliza. Si shuleni, si mimi, si jirani aliyekuwa akinishauri nimfunge shali shingoni. Na ISAAC walipouliza, walikuta dalili za pumu zinapishana hadi mara 15 kati ya nchi na nchi. Kinachopishana hivyo hakiwezi kuwa tabia ya mtoto. Damu ya ukoo ina sehemu yake, lakini tofauti kubwa namna hiyo inatupeleka kwenye hewa, nyumba na maisha.

Historia yenyewe ya ugonjwa huu ilianza kwa mtu aliyedhani yuko peke yake. Mwaka 1819 daktari John Bostock wa Uingereza alieleza mbele ya madaktari wenzake jinsi macho na kifua vinavyomsumbua kila kiangazi, mgonjwa mwenyewe akiwa yeye. Akaanza kutafuta wengine. Kufikia 1828 alikuwa amewapata 28. Miaka tisa, watu 28! Leo mafua ya mzio yanahesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya watu.

Sasa, ukimwambia mtu mtoto ana mzio wa hewa, jibu la kwanza ni "toa maua ndani". Maua yanasingiziwa. Ua lenye rangi na harufu linaita nyuki. Chavua yake, ule unga wa ndani ya ua, ni nzito, inanata, haisafiri mbali. Chavua inayoleta shida hutoka kwenye mimea inayotegemea upepo, nyasi hasa na baadhi ya miti, mimea ambayo maua yake huyaoni hata ukiinama. Japani walipanda misitu mikubwa ya mierezi yao ya sugi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na leo msimu wa chavua ukifika zaidi ya theluthi ya watu wa nchi hiyo wanateseka.

Kwa binti yangu hata nyasi hazihusiki. Ni kitanda. Wadudu wa vumbi, jamii ya utitiri, urefu wao kama theluthi moja ya milimita, wanaishi kwenye godoro na mto wakila magamba ya ngozi tunayopukutisha. Hawaumi. Hawanywi maji, wanafyonza unyevu wa hewa, ndiyo maana chumba chenye unyevunyevu ni pepo yao. Kinacholeta mzio ni kinyesi chao hasa, punje ndogo ambazo zikitua zimetua, mpaka mtu ajigeuze kitandani. Na mtoto aliyezibwa pua anajigeuza usiku kucha, uso wake ukiwa umezama mle mle zinakotimka. Nilipolielewa hilo nilisimama mlangoni nikiutazama mto ule kwa muda mrefu. Sasa tumevika godoro na mto vifuniko vya kitambaa kilichoshonana sana, na mashuka yanafuliwa kila wiki kwa maji ya nyuzi 60.

Wapo pia mende, ukungu wa ukutani, na paka ambaye chembe zake husafiri kwenye nguo za watu hadi nyumba isiyo na paka.

Wengine wananiambia tumezidisha usafi. Lina ukweli wake, siwezi kulikana. Huko Marekani watoto wa Waamish, jamii ya Kikristo inayolima kwa njia za kizamani, wanaokulia karibu na ng'ombe, walikutwa na pumu kwa asilimia 5, wakati wenzao Wahutteri, jamii nyingine ya Kikristo ya wakulima, wa asili inayokaribiana lakini wenye mashamba ya mitambo, walikuwa asilimia 21. Lakini hiyo ni habari ya vumbi la zizi na utoto wa mapema. Haimtibu mtoto ambaye tayari ni mgonjwa, na sitaki kuisikia tena nikiwa nimemkalisha saa tisa usiku apate pumzi.

Na asiniambie mtu "ni pua tu". Tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ilipiga jiji la Melbourne, Australia, katika msimu wa chavua ya nyasi. Punje za chavua zilipasuka kwa unyevu zikawa vipande vidogo vya kuzama mapafuni. Maelfu walikimbilia hospitali, watu 10 wakafa. Wengi wa waliokimbizwa hawakuwahi kuambiwa wana pumu. Walikuwa na "pua tu". Shirika la Afya Duniani linakadiria pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, na vingi vya vifo vyake hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati cha chini, ambako wagonjwa wengi hawajawahi kupimwa wala kupewa dawa ya kuvuta.

Jana nilimrudishia mwalimu ripoti ile. Sikugomba. Niliandika chini ya maoni yake lile swali la ISAAC, nikamwomba awaulize darasa zima. Jioni binti yangu alirudi akaniambia mikono sita ilinyooshwa, na mmoja wao ana mstari kama wake.