Silaha ya vita haigeuki ya raia kwa kuzibwa rafale

Mji wa Lubumbashi ulikuwa makao makuu ya Katanga iliyojitenga kati ya Julai 1960 na Januari 1963. Bunduki za Kibelgiji za wakati ule, Vigneron ya milimita 9 au FAL, si ajabu mtu kuzikuta darini baada ya matanga ya babu. Hapo ndipo linapozuka wazo la hatari: tutafute fundi aizuie isipige rafale, yaani risasi mfululizo, itoke risasi mojamoja tu, halafu tuiombee kibali kama bunduki ya kuwindia.

Wazo hilo lina kosa tangu mwanzo, na watu wanaweza kufungwa kwa ajili yake. Sheria haiulizi bunduki inapigaje leo. Inauliza ilitengenezwa iwe nini, na kama inaweza kurudishwa ilivyokuwa.

Msingi wa kwetu Kongo ni Amri-sheria nambari 85-035 ya 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi. Raia anaweza kuomba kibali cha silaha ya kuwinda au ya kujilinda; silaha za vita ni za jeshi na vyombo vya usalama. Halafu kuna Itifaki ya Nairobi, mapatano ya nchi za kanda juu ya silaha ndogo, ambayo Kongo ilitia saini mwezi wa Aprili 2004. Inazitaka nchi ziwakataze raia kabisa kumiliki bunduki za rafale, na katika katazo hilohilo inataja pia raifo za nusu-otomatiki, zile zinazotoa risasi moja kila kifyatuo kinapovutwa. Basi hata fundi akifaulu, ametoka kwenye kitu kilichokatazwa akaingia kwenye kingine kilichokatazwa. Sioni faida iko wapi.

Wengi wanapotoshwa na video za Marekani, wanakoona watu wakipiga bunduki za zamani za jeshi zilizofanywa nusu-otomatiki. Yafaa kujua sheria ya kule inasemaje. Tangu 1934 bunduki ya rafale inasajiliwa na kulipiwa kodi maalum, na tangu 19 Mei 1986 raia hawezi kusajili mpya. Maana ya bunduki ya rafale katika sheria hiyo inagusa pia silaha inayoweza kurudishwa kirahisi kwenye rafale, na hata mwili wake peke yake, yaani kile chuma kinachoshika sehemu nyingine zote, unahesabiwa kuwa bunduki ya rafale. Kwa hiyo kubadilisha vipande vya ndani hakutoshi. Wanaofanya kazi hiyo kwa halali huharibu mwili wa zamani na kujenga juu ya mwili mpya ambao haujawahi kuwa wa rafale. Anayekosea anaweza kufungwa hadi miaka 10. Video haionyeshi makaratasi hayo.

Uingereza ni wakali zaidi. Sheria yao ya 1988 inasema silaha iliyowahi kuwa ya rafale inabaki imekatazwa, hata ikigeuzwa kuwa ya namna nyingine. Umoja wa Ulaya nao, katika maagizo ya 2017, uliziweka bunduki za rafale zilizogeuzwa nusu-otomatiki kwenye kundi la silaha zilizokatazwa, isipokuwa kwa ruhusa za pekee. Sababu yake ilionekana. Katika mashambulio ya Paris ya Januari 2015 zilitumika bunduki za vz. 58 zilizouzwa Slovakia kama silaha za mlio tu, kisha zikarudishwa kupiga risasi za kweli. Nami nasimama upande wa sheria hizo: kazi ya fundi mmoja huweza kufumuliwa na fundi mwingine.

Kwetu hatari haiishii kwenye kibali kukataliwa. Kanuni ya mahakama za kijeshi, sheria ya 18 Novemba 2002, inampeleka raia mbele ya hakimu mwanajeshi akitenda kosa kwa silaha ya vita. Katiba ya 2006, kifungu cha 156, inaziachia mahakama hizo wanajeshi na polisi tu, na mimi naona Katiba ndiyo inayopaswa kushinda. Lakini mabishano hayo ataanza kuyafanya avoka (wakili) wako wakati wewe tayari umelala ndani.

Ukiikuta bunduki ya namna hiyo, usiifungue, usiipeleke kwa fundi, usiuze hata kipande kimoja. Usisugue nambari: silaha isiyo na nambari inaonekana kama ya wizi, na huwezi tena kuonyesha ilitoka wapi. Usiibebe barabarani hata kama unaipeleka polisi, maana kwenye kizuizi hakuna atakayeamini nia yako. Iache ilipo, funga chumba, mtafute avoka. Yeye aandike barua kwa mwendesha mashtaka kueleza ni ya nani, imekutwa lini na wapi, ili waje kuichukua wenyewe. Wakija, dai hati ya makabidhiano yenye aina, kalibari (kipenyo cha risasi), nambari, idadi ya risasi, tarehe na saini, na nakala moja ibaki mikononi mwako.

Kwa vile nyingine ni historia ya Katanga, barua hiyohiyo inaweza kuomba silaha iharibiwe isipige tena kamwe, kisha ikabidhiwe Musée National de Lubumbashi. Ombi hilo liandikwe kabla haijachukuliwa. Ikishaingia ghala la vielelezo, ni vigumu kuifuatilia.