Jamani viota muviache, hapa Dar kunguru anawaangalia

Siku hizi kupiga picha ndege kumeingia mjini na mimi nafurahi kwelikweli. Zamani ukielekeza kamera kwenye mwembe wa jirani watu wanajua unapeleleza, leo kijana wa sekondari anakutolea simu anakwambia huyu chozi nimempiga pale kwenye maua ya mpapai, huyu mdiria nimemkuta juu ya waya, na anajua anachokisema. Watu wengi zaidi wakianza kuangalia juu ndo vizuri, hapo sina neno. Lakini kuna aina moja ya picha inanisumbua roho kila nikiiona na naona hakuna anayeisema, ni hizi picha za viota.

Unazijua. Makinda matatu yamefungua midomo, mekundu ndani, hayana hata manyoya, na chini yake watu mia wameandika jamani wazuri, Mungu fundi. Sasa iangalie tena ile picha taratibu. Tawi la mbele limekatwa. Majani yamevutwa pembeni ili mwanga uingie. Mama hayupo kwenye picha, na hayupo kwasababu kuna mtu amesimama na simu hatua mbili kutoka kwa wanawe, yeye yuko kwenye mti wa pili analia. Kwa nchi nyingine sijui, ila kwa Dar, kwa Zanzibar, kwa Tanga, kwa Mombasa, mama akitoka kwenye kiota mchana kweupe anayefuata ni kunguru.

Huyu kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu tunayemuona kila mahali sio wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asaidie kula uchafu wa mji, na kweli uchafu anaula, lakini anakula pia mayai, makinda, vifaranga wa mama wa watu, mijusi, chochote. Kutoka Unguja akavuka bara, akapanda na pwani yote. Huko Kenya amekuwa tatizo kiasi kwamba mwaka 2024 shirika lao la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka ule. Milioni moja! Na sisi hapa tumeshatega mitego, tumeshaweka sumu, bado asubuhi ukitoka nje sauti ya kwanza ni yake.

Na ana akili. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini huyu wa mjini haishii kukimbia, anakimbia hatua tatu alafu anageuka kukuangalia. Anajua mama anayemwaga mabaki ya ugali ni yupi na anatoka saa ngapi. Anajua mtoto mwenye manati. Sasa we umeinama kwenye kichaka cha bougainvillea dakika kumi, umepanua majani, shore wawili wanapiga kelele juu ya kichwa chako, unadhani yeye pale juu ya nguzo ya umeme anafikiria nini? Kelele ya shore peke yake inatosha kumwambia kuna kitu hapo. We ukiondoka na picha yako yeye anashuka. Nimeona hivi kwa macho yangu mtaani kwetu, mpiga picha hajafika hata getini.

Chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, ndo ananiuma zaidi. Jike lake linajenga peke yake, anakusanya nyuzi za buibui moja moja, anafungia majani makavu na maganda mpaka inakuwa kimfuko kinachoning'inia kwenye kijitawi, mara nyingi karibu kabisa na nyumba ya mtu, kwenye waya wa kuanikia nguo, kwenye ua la barazani. Ukikiona unaweza kudhani ni takataka zilizonasa, na ndo maana yake, usalama wake wote uko hapo, kwenye kuonekana takataka. Ana mayai mawili tu kwa kawaida, anayaatamia kama wiki mbili. We ukisafisha yale majani ili kiota kionekane vizuri umemvua kinga yake yote na hairudi, hata ukiyarudisha majani hayakai vilevile.

Najua kuna watakaosema mbona kwenye majarida makubwa tunaona viota. Wale mara nyingi wanajificha kwenye kibanda cha turubai siku nyingi, mbali, na lenzi ndefu, na hata kwao siku hizi mashindano mengi ya picha yana masharti makali kuhusu picha za viota. Alafu wengi wao wanapiga sehemu ambazo hazina kunguru wa mjini maelfu kwa maelfu. Hapa kwetu hesabu ni nyingine.

Sijasema kila kiota ni dhambi. Mnana na kwera hawa wa njano wanaojenga kwa kundi kwenye mnazi au kwenye mwanzi juu ya bwawa, wale hawajifichi, wamening'iniza viota hadharani na kelele juu. Kaa kivulini mbali mpige dume akisuka. Utaona mambo: anasuka kwa mdomo na miguu, akimaliza ananing'inia chini ya kiota anapiga mabawa kumwita jike, jike anaingia kukagua, akikataa anaondoka zake, na dume baada ya muda anakifumua chote anaanza upya. Picha ya namna hiyo ina hadithi kuliko makinda kumi yenye midomo wazi na hakuna aliyepoteza kitu.

Hili la spika nalo liko kwenye fungu hilohilo. Mtu anacheza sauti ya ndege kutoka kwenye simu ili dume atoke kichakani apigwe picha. Dume anatoka kweli, kwasababu anadhani kaja mwenzake kumnyang'anya eneo, anaacha kula, anaacha kulinda, anazunguka anatafuta adui ambaye hayupo. Ukifanya mara moja unaona sio kitu. Sasa weka watu watano wa grupu moja wamekuja jumamosi ileile kwenye kichaka kilekile. Na bundi tafadhali, ukijua mti anaolala usiuandike popote, maana bado kuna mitaa mtu akisikia bundi anaokota jiwe, wanasema ni uchuro, na huyo bundi usiku kucha alikuwa anawakamatia panya.

Sasa upige nini? Jamani vitu vipo vingi. Kaa barazani kwako tu saa moja asubuhi mpaka saa tatu, baada ya hapo jua la pwani linaanza kupanda utosini na kila ndege anageuka kivuli cheusi. Anza na keremkerem kwenye waya wa umeme, huyu ndo mwalimu wa mtu anayeanza, kwasababu ana tabia moja nzuri sana: akiruka kukamata nyuki anarudi palepale alipotoka, anampigapiga yule nyuki kwenye waya mpaka mwiba utoke ndo anameza. Kwa hiyo usimfuate na kamera hewani utachanganyikiwa, we lenga waya, weka spidi ya shata ya kamera 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, subiri, atarudi. Kuzumburu nao, wenye mkia mrefu na kishungi, asubuhi kukiwa na baridi kidogo wananing'inia wameelekeza matumbo juani ili chakula kisagike, wanakaa hivyo muda mrefu, hata mwenye simu ya kawaida na darubini ya 8x42, ile inayokuza mara nane, anaweza kuegesha lenzi ya simu kwenye jicho la darubini akapata kitu cha maana. Papai limeiva usilichume lote, acha moja, shore atakuja mwenyewe mpaka karibu bila kuitwa na spika. Dudumizi ni mgumu, anajificha, ila mvua ikikaribia utamsikia tu, sauti inashuka kama maji yanamwagwa kwenye chupa ya shingo nyembamba, na mvua ikishakatika anatoka anapanda juu ya kichaka kukausha mabawa. Hapo ndo pa kumsubiri. Na huhitaji lenzi ya mamilioni kwa haya yote, kamera kama Nikon P900 au P950 zina zumu ya mara 83 na lenzi haibadilishwi, mtu anasimama mbali ndege hajui hata kama yupo.

Kingine, na hiki ndo nakipigania kuliko uzuri wa picha: andika tarehe na mahali. Picha yenye ukungu, ndege nusu amefichwa na jani, ikiwa na tarehe na jina la mtaa ina kazi. Weka kwenye eBird, mtandao wa kuandikia ndege uliowaona, ni bure, au ukiwa Kenya kuna Kenya Bird Map, na kama jina hulijui ile aplikesheni ya Merlin ya chuo cha Cornell inakusaidia kwa picha tu. Makinda yenye laiki elfu na hayana mahali wala siku hayamwambii mtu yeyote kitu.

Mfano mzuri ni kunguru wa kwetu mwenyewe, yule mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe. Watu wazima wanamkumbuka yuko Dar kila mahali. Leo mjini kati humuoni, huyu mgeni kamfukuza, na mtoto aliyezaliwa Kariakoo akichora kunguru anamchora wa kijivu. Sasa hajaisha kwenye pembezoni lakini mpaka wake uko wapi, Kibamba? Kisarawe? Kigamboni ile ya ndani kuelekea Kimbiji? Anarudi au anazidi kusogea? Hili halihitaji kiota wala spika, yeye anakaa juu ya paa na juu ya jalala, mkubwa, hajifichi, simu yoyote inamshika. Kama unaishi huko nje ya mji, au una picha ya zamani ya harusi au mahafali ambayo kwa nyuma juu ya bati amekaa kunguru mwenye shingo nyeupe na unakumbuka ilipigwa wapi na mwaka gani, ipandishe. eBird inapokea hata kumbukumbu za zamani, na akionekana leo Kibamba au Kimbiji naye tunamhitaji, na mtaa wake na siku yake.